Kahawa ya Manyatta, Mwanga wa Grenoble

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru haina kilomita mbili zilizonyooka. Inazunguka mabega ya Mlima Kenya, inashuka hadi darajani na kupanda tena, na kila bonde lina mto wake: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga. Daraja la Nithi madereva hulipita kwa adabu, kwa kuwa limemeza watu wengi. Juu kuna chai, chini ya chai kuna kahawa, na ukishuka zaidi kuelekea Mbeere unakutana na mahindi, ndengu na muguka. Mimi nilifuata ukanda wa katikati. Nilitaka kuzungumza na watu wanaoishi na kahawa kuhusu mtambo usiokuwepo Kenya wala popote Afrika, mtambo ulioiona kahawa kwa undani ambao hakuna mkulima wala mnywaji aliyewahi kuufikia. Unaitwa sinkrotroni.

Nilianzia Manyatta, juu ya mji wa Embu, kwenye kiwanda cha chama kimoja cha ushirika. Ulikuwa msimu mkubwa. Punda, pikipiki na akina mama wenye magunia mgongoni walikuwa wakiingia tangu mchana, na hakuna gunia lililopelekwa kwenye mizani kabla ya kumwagwa chini na kuchambuliwa. Kahawa nyekundu inabaki, mbichi inatolewa, iliyokauka mtini inawekwa kando. Nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akichambua bila kutazama vidole vyake. Akasimama kidogo, akaniwekea punje moja ya kijani kiganjani. Ubavuni ilikuwa na doa jeusi lililodidimia, kama limechomwa kwa ncha ya msumari wa moto.

"CBD," alisema. "Hii ndiyo inatumaliza, mwanangu. Mvua ikizidi na dawa ikikosekana, unavuna majani."

Ugonjwa huu wa punje za kahawa, wakulima wenzake wa Kilimanjaro huuita chulebuni. Unaletwa na kuvu iitwayo Colletotrichum kahawae, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na tangu hapo umesambaa katika nchi nyingi za Afrika zinazolima arabika bila kuvuka nje ya bara hili. Brazili haina. Kolombia haina. Ni ugonjwa wetu peke yetu, na punje ile ya kijani nilitembea nayo mfukoni hadi Meru.

Kahawa yenyewe haikufika hapa kwa urahisi. Masetla hawakutaka Mwafrika ailime. Walisema angeeneza magonjwa na kushusha ubora, na waliogopa pia kukosa vibarua. Ni katika miaka ya 1930 ndipo serikali ya kikoloni ilipowaruhusu watu wa Kisii, Embu na Meru kujaribu, kwa sababu wilaya hizo zilikuwa mbali na mashamba ya wazungu, na hata hivyo kwa vipande vidogo vilivyopimwa na kukaguliwa. Wazee wa Manyatta bado wanajua ni mashamba gani yalitangulia. Kulima kwa ruhusa ya mtu mwingine ni jambo ambalo familia hizi hazijalisahau, nami sikuacha kulifikiria nilipokuwa nikitoa simu kumwonyesha yule mama picha niliyokuja nayo.

Ilikuwa picha ya kimeng'enya, yaani protini ambayo mbuni huitumia kutengeneza kafeini. Kwenye simu inaonekana kama utepe uliojikunja na kujisokota, na katikati yake kuna mfuko. Ndani ya mfuko huo imeshikwa molekuli ya theobromini, ile ile iliyomo kwenye kakao, ikiwa imebakiza hatua moja tu kugeuka kafeini. Mmea huanza na kitu kiitwacho zanthosini, kisha vimeng'enya vya jamii moja hukibandika vipande vidogo, kila kimoja atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni, hadi kafeini ikamilike. Mmea unaitumia kujikinga na wadudu. Sisi tunaitumia kuamka.

Picha hiyo ilitolewa mwaka 2007 na watafiti wawili, mmoja wa maabara ya Ulaya ya baiolojia ya molekuli iliyoko Grenoble, Ufaransa, na mwingine wa kituo cha utafiti cha Nestlé mjini Tours. Walichunguza vimeng'enya viwili vya njia hiyo, kile kinachoianza kazi na kile kinachoimaliza. Waliichukua robusta, si arabika ya huku. Lakini arabika ni mtoto wa robusta: ilizaliwa zamani sana porini, robusta ilipochanganyika na ndugu yake wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, Coffea eugenioides. Nusu ya urithi wa kila mbuni wa Embu inatoka kwa robusta. Kile kilichoonekana Grenoble kina ndugu yake hai kwenye majani yaliyokuwa yakitikiswa na upepo nyuma ya kiwanda.

Mama aliitazama picha kwa makini, akaikuza kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu. Kisha akauliza swali ambalo limeendesha makala haya yote.

"Na huyu mdudu wa doa jeusi, naye wamempiga picha?"

Ili kulijibu, lazima kwanza nieleze picha kama ile hupigwaje. Jicho huona kwa mwanga, na mwanga wa kawaida una mawimbi marefu mno kuweza kutofautisha atomu moja na jirani yake. Eksirei zina mawimbi mafupi yanayokaribiana na nafasi kati ya atomu na atomu. Mwaka 1912 nchini Ujerumani, Max von Laue na wenzake waligundua kwamba eksirei zikipita ndani ya fuwele hutawanyika kwa mpangilio na kuacha madoa. Mwaka uliofuata William Bragg na mwanawe Lawrence, huko Uingereza, walikuwa tayari wakiyasoma madoa hayo na kutambua atomu zimekaa wapi. Walianza na vitu vyepesi kama chumvi. Protini zilikuja baadaye sana, kwa kuwa protini moja ina maelfu ya atomu na fuwele yake ni ndogo, laini, na inatawanya eksirei kwa unyonge.

Hapo ndipo sinkrotroni inapohitajika. Ile ya Grenoble ni pete yenye mzingo wa mita 844. Ndani ya bomba lililotolewa hewa yote, elektroni zinazunguka kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na sumaku kubwa zinazipinda njia zisitoke nje. Elektroni inayopindwa kwa kasi hiyo hutoa mwanga, na kwenye pete kama ile mwanga huo ni eksirei zenye ukali ambao mashine ya hospitali haiwezi hata kuukaribia. Pembezoni mwa pete kuna vibanda. Katika kila kibanda mwanga unaingia kwa mshipa mwembamba, unaigonga fuwele inayozungushwa polepole, na kitambuzi kilicho mbele kinakusanya madoa. John Kendrew alipoichora myoglobini mwaka 1958, protini ya kwanza kabisa kuonekana kwa njia hii, kazi hiyo ilikuwa imemla miaka mingi. Leo madoa ya fuwele nzuri yanakusanywa kwa chini ya dakika moja.

Nilipotoka Manyatta sikwenda moja kwa moja Meru. Nilishuka Mbeere kwa sababu ya hoja moja ninayoisikia kila ninapolizungumzia jambo hili Nairobi: kwamba Afrika haina umeme wa mtambo kama huo. Basi nikaenda kuutazama umeme. Maji ya Rupingazi yanayopita kando ya mji wa Embu huingia Thiba, Thiba inaingia Tana, na Tana inapita kwenye mitambo ya Seven Forks: Masinga juu, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Joto la huko halina simulizi. Jiwe huwezi kulikalia. Gitaru peke yake inaweza kutoa megawati 225. Sinkrotroni ya SESAME, iliyoko Allan nchini Jordan, ilijengewa kituo cha umeme wa jua mwaka 2019 ili kugharamia matumizi yake yote, na uwezo wa kituo hicho ni megawati 6.48. Nilisimama juu ya ukuta wa bwawa nikiifanya hesabu hiyo. Shida ya kweli ni umeme usiotulia, kwa kuwa ukikatika hata kwa nukta moja elektroni zote hupotea na kazi huanza upya. Hiyo ni shida ya mafundi na fedha, na ina dawa. Siyo sababu ya bara zima kukaa gizani.

Kutoka Runyenjes hadi Nkubu nilipanda matatu iliyojaa ndizi, na Meru nilifika jioni. Mwenyeji wangu anafundisha biokemia katika chuo kimoja cha ukanda huu. Maabara yake ni chumba chenye madirisha mawili, friji, mashine ya kuzungusha sampuli, na hadubini anayoifunika kwa kitambaa kila akimaliza. Nilimwomba anionyeshe fuwele ya protini kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nimesoma mengi juu yake bila kuiona.

"Kaa hapo, na usiguse meza," aliniambia.

Alikuwa na sahani ya plastiki yenye visima vidogo vidogo. Ndani ya kila kisima alikuwa ametia maji ya chumvi yenye asidi kidogo, na juu yake amefunika kwa kioo chembamba kilichopakwa mafuta mazito ukingoni ili hewa isipite. Upande wa chini wa kioo lilining'inia tone. Tone hilo, ambalo halifiki hata robo ya tone la mvua, lilikuwa na lisozimu, protini inayopatikana kwenye ute mweupe wa yai. Maji ya tone yanatoka taratibu kama mvuke na kuhamia kwenye chumvi ya chini, protini zinazidi kusongamana, na zikisongamana kwa upole wa kutosha zinajipanga. Zikiharakishwa zinaganda ovyo na unapata uji.

Niliinama kwenye hadubini. Kulikuwa na vipande kama saba vilivyotulia, vyenye pande zilizokatwa sawasawa, vingine vimelala ubavu. Alipozungusha kichujio cha mwanga vilibadilika rangi, vikawa vya bluu, vya dhahabu, halafu vikazima. Nilidhani ni vigumu kama chumvi ya mawe. Akachukua unywele uliobandikwa kwenye kijiti, akakigusa kimoja, kikasambaratika bila kishindo chochote. Karibu nusu ya fuwele ya protini ni maji, akaeleza. Ndiyo maana kazi kubwa iko hapa na si kwenye pete. Pete inahitaji dakika moja, ilhali fuwele inaweza kukudai mwaka mzima wa kujaribu chumvi hii na ile, baridi hii na ile.

Lisozimu ni ya kufundishia. Huota kwa urahisi, na muundo wake ulijulikana mwaka 1965 mjini London. Kwa mwenyeji wangu maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Meru anaweza kujifunza mkono huo hapa hapa, kwa vifaa vinavyoweza kununuliwa. Nikamuuliza kuhusu umbali. Hata akiotesha fuwele ya maana, mwanga uko Ulaya.

Akanituma mji wa Maua.

Nilikwenda asubuhi iliyofuata, nikakuta miraa ikifungwa. Vijana walikuwa wakipanga vijiti kwa urefu, wakivifunga vibunda, kisha wakivizungushia majani ya mgomba yaliyolowanishwa. Hakuna aliyekuwa akipoteza muda, maana kathinoni, kiini kinachoipa miraa nguvu yake, huanza kuvunjika mara tu kijiti kinapokatwa, na baada ya siku mbili mnunuzi hanunui. Gari lilikuwa linanguruma tayari. Miraa iliyokatwa huku Igembe alfajiri hufika Nairobi kabla ya jua kuwa kali na kupanda ndege ya Somalia. Ilikuwa ikifika hata London ikiwa mbichi, hadi Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014. Nikaelewa alichotaka nikione. Fuwele ya protini husafiri vivyo hivyo: inachotwa kwa kitanzi kidogo cha nailoni, inatumbukizwa kwenye naitrojeni ya maji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, inawekwa kwenye mtungi maalumu unaohifadhi baridi hiyo kwa siku kadhaa, inapandishwa ndege. Mwenye fuwele anabaki nyumbani. Anaingia kwenye mtambo kupitia intaneti, na roboti iliyoko Grenoble, au Oxfordshire nchini Uingereza, inamsogezea sampuli moja baada ya nyingine huku yeye akitazama madoa kwenye kompyuta yake. Wakati wa korona vituo vingi vilifanya kazi kwa namna hiyo kwa miezi.

Kwa hiyo wa Meru hana haja ya kungoja pete ijengwe ndipo aanze. Lakini hili halinifanyi niache kuidai pete. Amerika Kusini ina Sirius, mjini Campinas, Brazili. Australia ina yake Melbourne. SESAME, iliyofunguliwa Mei 2017, imewakutanisha Wairani, Waisraeli, Wapalestina na Wapakistani kwenye meza moja ya wanachama, nchi ambazo nyingine hazisalimiani, na ilianza na vipande vya mtambo wa zamani uliotolewa na Berlin. Misri nayo ni mwanachama. Kati ya mabara yote yanayokaliwa na watu, ni Afrika tu isiyo na sinkrotroni katika ardhi yake. Novemba 2015 wanasayansi wa Kiafrika na wenzao walikutana huko huko Grenoble wakaandika ramani ya njia ya kujenga moja, na wamekuwa wakikutana tangu hapo. Januari 2023 mkutano wa tatu wa Afrika nzima wa elimu ya fuwele ulifanyika Nairobi, safari ya saa chache tu kutoka Manyatta.

Na historia ya elimu hii haijawahi kuwa mbali na bara letu. Dorothy Hodgkin, aliyefumbua muundo wa penisilini, wa vitamini B12 na baadaye wa insulini, alizaliwa Cairo mwaka 1910. Habari ya Tuzo yake ya Nobel mwaka 1964 ilimkuta Ghana, ambako mumewe alikuwa akifanya kazi. Aaron Klug, aliyepata Nobel mwaka 1982, alilelewa na kusoma Afrika Kusini. Watu walikuwepo tangu zamani. Walilazimika kuondoka ili waufuate mwanga.

Kuna wanaosema zama za pete zimepita. Programu ya AlphaFold inatabiri umbo la protini kutokana na mpangilio wa viungo vyake tu, na waliohusika nayo walipata Nobel ya kemia mwaka 2024. Ni kazi kubwa, na mwenyeji wangu anaitumia kila wiki kwa sababu ni ya bure. Ila programu hiyo ilijifunza kutokana na miundo iliyokwisha kupimwa na kuwekwa katika Benki ya Data ya Protini, hazina iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na miundo saba na sasa ina zaidi ya laki mbili, iliyo wazi kwa yeyote mwenye simu. Mingi ya miundo hiyo ilipatikana kwenye sinkrotroni. Anayetaka kujua dawa yake imejibanza pembe ipi ya protini, na maji yamekaa wapi kati yao, bado anahitaji kupima. Na aliyepima ndiye aliyeamua kipi kipimwe.

Hapo ndipo ninapofika na jibu la yule mama wa Manyatta. Kafeini ilipigwa picha mapema kwa sababu walioko karibu na mwanga walikuwa na swali juu ya kafeini. Sina kinyongo na swali lao. Ni zuri, na jibu lake nilitembea nalo kwenye simu bila kulipa hata shilingi. Lakini chulebuni haiwasumbui. Haijafika Brazili, haimnyimi usingizi mtu yeyote Tours. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilipambana nayo kwa njia ya kuzalisha mbegu, hasa baada ya mlipuko mkali wa miaka ya 1960, na mwaka 1985 kikatoa Ruiru 11 inayoihimili, kisha Batian mwaka 2010. Wakulima wengi bado wana SL28, ambayo kikombe chake kinasifiwa duniani kote na ambayo CBD inaitafuna. Ruiru walifanya walichoweza kwa mikono na subira: kuchavusha, kupanda, kungoja, kupanda tena. Kwa nini mti mmoja unasimama na jirani yake unaanguka, protini ipi ya kuvu inakutana na protini ipi ya mbuni na zinashikana vipi, hayo ni maswali ambayo mwenye kuyajali lazima awe na mkono wake kwenye mtambo.

Jioni yangu ya mwisho Meru nilimwekea mwenyeji wangu ile punje mezani. Ilikuwa imesinyaa, lakini doa lilikuwa limepanuka na kuota vumbi la rangi ya waridi iliyopauka, mbegu za kuvu yenyewe. Nilimweleza swali la mama. Kisha nikamuuliza: Daktari, kwenye vituo hivi zamu moja ya mwanga ni muda wa saa nane. Ukipewa moja, unaweka nini?

Hakufikiri. Alisema angeanza na kimeng'enya ambacho kuvu hukitumia kutoboa ngozi ya nta ya punje mbichi. Angekiotesha chenyewe kwanza, kisha pamoja na kila kinachoweza kukizuia, na angetafuta pia kile ambacho Ruiru 11 hukitoa inaposhambuliwa na ambacho SL28 haikitoi. Angehitaji jeni kutoka kwenye sampuli za Embu na za Meru zote mbili, kwa kuwa mvua zao hazifanani. Wanafunzi wawili, naitrojeni, mtungi wa kusafirishia. Akaanza kuandika gharama nyuma ya bahasha, akafuta moja, akaniomba nimpe namba ya meneja wa kiwanda cha Manyatta ili apate punje nyingine zilizo mbichi, kabla msimu haujaisha.